Jones Yupi? Namna ya Kuwatafuta Wazee wa Wales Waliochimba Makaa, Kupasua Mawe na Kulima Mashamba ya Wengine

Wiki chache kabla hajafariki, baba mkwe wangu alinikabidhi kopo la biskuti lililojaa karatasi. Ndani mlikuwa na kadi tatu za mazishi zilizochapwa kwa Kiwelisi, picha ya wanaume waliojipanga mbele ya mgodi nyuso zikiwa nyeusi kwa vumbi, na ukurasa uliochanwa kutoka kwenye Biblia, umeandikwa tarehe za kuzaliwa watoto tisa bila majina. "Watoto wako watakuja kuuliza," aliniambia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Wanangu kwa upande wa baba ni watu wa bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, na ubini wao ni Jones.

Anayeijua Wales ataelewa mzigo niliotwishwa. Huko akina Jones, Davies, Williams, Evans na Thomas wamejaa kama akina Juma na Mwanaisha kwetu. Nilimfuata Thomas Jones mmoja karibu mwaka mzima, nikamwandikia ukoo wake hadi kwa babu wa babu yake, kumbe ni mzee wa watu wengine kabisa. Kulikuwa na wawili: jina moja, kazi moja, mtaa mmoja, wamepishana umri kwa miaka miwili. Kilichowatenganisha mwishoni ni kanisa. Mmoja alikuwa Mbatisti, mwingine Mmethodisti.

Tangu hapo nimeshika njia moja, na ndiyo nitakayoieleza. Fukara wa Wales humpati kwa jina lake. Unampata kwa mahali alipolala usiku wa sensa, kazi iliyomlisha na kanisa lililomzika. Jina lije baadaye kuthibitisha. Nawaandikia wenzangu wenye mume, mke, watoto au wajukuu wenye damu ya Wales, popote walipo. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kwa simu au kompyuta.

Hatua ya kwanza: waulize walio hai, na uulize vizuri

Ukimuuliza mzee "babu yako aliitwa nani?" atakujibu John Jones, nawe utakuwa hujasogea. Muulize walisali kanisa gani. Nyumba iliitwaje, maana nyumba nyingi za Wales zina majina, na jina la shamba au nyumba linamfuata mtu maisha yake yote. Mgodi gani? Nani walikuja kutoka mbali siku za misiba, na walitokea mji gani? Alikuwa na lakabu? Kwa kuwa majina yalikuwa machache, watu walitofautishwa kwa kazi, nyumba au umbo: Jones wa Maziwa, Evans wa Posta, Dai Mrefu. Lakabu hiyo unaweza kuja kuikuta kwenye gazeti au juu ya kaburi, nayo ikakuokoa.

Andika kila kitu kama ulivyosimuliwa, kisha usikiamini mpaka ukione kwenye daftari. Yupo Mwelisi mmoja fukara ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua, hata kama hawajui kuwa ni Mwelisi: Henry Morton Stanley. Ndiye aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 na msafara wa wapagazi hadi Ujiji alikomkuta Livingstone, na ndiye aliyekuja kumfungulia Mfalme Leopold njia ya Kongo, ambako watu walimwita Bula Matari. Kwa miaka mingi alijitangaza kuwa Mmarekani. Daftari la ubatizo la kanisa la Mtakatifu Hilary, mjini Denbigh, kaskazini mwa Wales, linasema mengine: mwaka 1841 alibatizwa mtoto John Rowlands, na kando ya jina lake karani akaandika kwamba ni mwana wa haramu. Mama yake alikuwa Elizabeth Parry, msichana wa mji huohuo. Alilelewa na babu mzaa mama, muuza nyama; babu alipokufa, mtoto akapelekwa mwaka 1847 kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo hadi 1856. Madhara aliyoyaacha Afrika ni habari nyingine, nzito, na wana wa Kongo wanaijua kuliko mimi. Ninamtaja kwa sababu aliifuta asili yake kwa bidii yote, lakini kalamu ya karani wa parokia ikabaki. Tutarudi kwake.

Hatua ya pili: vyeti, lakini usinunue ovyo

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Ipo tovuti ya bure ya FreeBMD yenye faharasa ya usajili huo, na ipo faharasa ya ofisi kuu ya usajili yenyewe, GRO, ambayo ni bure kuitafuta ukishajiandikisha. Kwa Wales nakushauri uanze na ile ya GRO. Faharasa ya kawaida haionyeshi jina la mama mpaka mwaka 1911. Ya GRO inaonyesha ubini wa mama kabla hajaolewa tangu 1837. Kumtafuta David Davies pekee katika wilaya ya Merthyr Tydfil kutakuletea mlolongo wa majina usiokwisha. Ukimtafuta David Davies ambaye mama yake ni Prosser, mlolongo unakatika. Nafasi ya mama ikiwa tupu, mara nyingi mtoto alizaliwa nje ya ndoa.

Nami nimejifunza hila hii: usianze na mzee wako, anza na ndugu yake mwenye jina la ajabu. Familia yenye watoto John, Mary, William na Gomer, mshike Gomer. Cheti chake kina wazazi walewale, na hawawezi kuwa Gomer watano kwenye mtaa mmoja. Kadhalika mtoto aliyepewa jina la katikati kama Lloyd au Prosser. Mara nyingi hilo ni jina la ukoo wa mama.

Cheti cha ndoa ndicho chenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Angalia na mashahidi. Ni ndugu au majirani. Alama ya X mahali pa sahihi inakuonyesha asiyejua kuandika. Kwenye cheti cha kifo, mtazame aliyetoa taarifa: mkwe, binti, jirani. Mtu huyo ni mlango mwingine. Ukikuta imeandikwa kwamba taarifa ilitoka kwa mchunguzi wa vifo, basi palikuwa na ajali au kifo cha ghafla, na gazeti la mahali lina habari yake.

Hadi mwaka 1875 mzazi asiyesajili mtoto hakuwa na adhabu ya kuogopa, kwa hiyo kuna watoto wasioonekana. Usikate tamaa kwa hilo; ubatizo utakuja kuziba pengo.

Kuhusu gharama: nakala ya kidijitali ya vyeti vya zamani vya vizazi na vifo ni rahisi kuliko karatasi, na inatosha. Tovuti kubwa za Ancestry na Findmypast zinatoza ada, lakini maktaba nyingi za umma huko Wales zinakuruhusu kuzitumia bure ukiwa ndani. FamilySearch ni bure.

Hatua ya tatu: usiku wa sensa

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa usiharakishe.

Sensa za kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921 ziko wazi. Ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo baada ya 1921 tegemeo lako ni Rejista ya 1939, yaani orodha ya raia iliyoandikwa tarehe 29 Septemba mwaka huo. Rejista hiyo ina tarehe kamili za kuzaliwa, na wanawake walioolewa baadaye mara nyingi wameongezewa jina jipya juu ya la zamani.

Ya 1841 ni fupi mno: haielezi nani ni nani kwa nani, na umri wa watu wazima uliteremshwa hadi tano iliyo chini yake. Mwenye miaka 39 anaandikwa 35. Ukimkosa mzee wako kwa sababu ya umri, huenda ndiye huyohuyo. Kuanzia 1851 mambo yananyooka, kwa sababu kila mtu anatajiwa uhusiano wake na mwenye nyumba na parokia aliyozaliwa.

Parokia ya kuzaliwa ndiyo dhahabu yako. Mwaka 1851 Rhondda ilikuwa mabonde ya kondoo yenye watu elfu moja au mbili hivi. Kufikia 1911 palikuwa na zaidi ya watu 150,000. Maana yake karibu kila aliyeko pale kwenye sensa za mwanzo ametoka kwingine: mashamba ya Cardiganshire na Carmarthenshire, baadaye Somerset na Devon huko Uingereza, wengine Ireland. Walikuja kama vijana wanavyokuja Dar es Salaam, wakifikia kwa ndugu au mtu wa kwao. Kwa hiyo soma nyumba nzima na nyumba za jirani. Ukikuta mpangaji kijana amezaliwa parokia ileile ya mwenye nyumba, usimpite. Huenda ni shemeji, binamu au mtoto wa jirani wa kule kijijini. Mimi nilikipata kijiji cha mzee wetu kwa njia hiyo. Yeye mwenyewe alimwambia karani "Cardiganshire" tu, wilaya nzima, lakini wapangaji wake wawili walitaja parokia.

Jihadhari na majina ya mahali. Llan ni neno la kale la uwanja wa kanisa, na hufuatwa na jina la mtakatifu, hivyo Llanfihangel, kanisa la Mikaeli, ziko nyingi nchi nzima. Usichague iliyo karibu kwa sababu tu iko karibu. Tahajia nazo zinacheza: Llanelli na Llanelly, Caernarfon na Carnarvon. Na Kiwelisi hubadilisha mwanzo wa neno kufuatana na lililotangulia: Caerdydd, yaani Cardiff, inaweza kuandikwa Gaerdydd au Nghaerdydd, na Pontypridd ikawa Mhontypridd. Waingereza wanalalamika sana kwa hili. Sisi ambao tunasema ukuta na kuta, jicho na macho, tunazoea upesi.

Kuanzia 1891 watu wa Wales waliulizwa lugha wanayosema: Kiwelisi, Kiingereza au zote mbili. Ukikuta mzee anasema Kiwelisi peke yake, ujue habari zake utazipata kwenye magazeti na makanisa ya lugha hiyo, na usizitafute kwa Kiingereza tu. Ya 1921 inataja mwajiri, hivyo utajua hasa ni mgodi wa kampuni gani.

Ila sensa iliyonitoa machozi ni ya 1911. Ndiyo ya kwanza ambayo fomu iliyojazwa na familia yenyewe imehifadhiwa, kwa mwandiko wao wenyewe, na wanawake wenye ndoa waliulizwa: umeolewa miaka mingapi, umezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Kwenye fomu yetu iliandikwa tisa, sita, watatu. Ule ukurasa wa Biblia ulikuwa na tarehe tisa. Majina niliyokuwa nayo yalikuwa sita.

Hatua ya nne: fuata kazi yake

Ukishajua kazi, unajua pa kutafuta. Kusini ni makaa ya mawe na, kabla ya hapo, chuma cha Merthyr Tydfil: Cyfarthfa, Dowlais, Penydarren, Plymouth. Swansea ni shaba, Llanelli ni mabati. Kaskazini, Bethesda, Llanberis na Blaenau Ffestiniog, ni machimbo ya mawe yanayopasuliwa kuwa bamba za kuezekea paa.

Karani wa sensa akiandika "collier" ni mchimba makaa. "Haulier" ni mwendesha farasi chini ya ardhi, "door boy" ni mtoto anayekaa gizani kufungua na kufunga milango ya hewa, na "puddler" ni mwenye kukoroga chuma kilichoyeyuka. Kwa Kiwelisi utakutana na glöwr, mchimba makaa, chwarelwr, mchimba mawe, gof, mhunzi, crydd, fundi viatu, gwas na morwyn, mtumishi wa kiume na wa kike. Sheria ya 1842 ilikataza wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka kumi, kufanya kazi chini ya mgodi. Kabla ya sheria hiyo tume ilizunguka ikiwahoji watoto, na ripoti yake ya 1842 ina maneno yao, wengine kwa majina. Mzee wako akiwa alikua Merthyr miaka hiyo, isome hata kama hayumo. Wamo waliofanya kazi kando yake.

Sensa kwa kawaida haitaji mgodi. Chukua anwani, kisha ufungue ramani za kale za Ordnance Survey ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka bure mtandaoni, zikiwemo za Wales. Mtu alikwenda kazini kwa miguu. Tazama shimo lililo karibu na mtaa wake.

Mwaka 1913 migodi ya kusini mwa Wales ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 230,000. Mwaka huohuo, tarehe 14 Oktoba, mlipuko wa Senghenydd uliua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Misiba mikubwa kama huo, na wa Cilfynydd wa 1894 uliochukua watu 290, ina orodha kamili za waliokufa. Lakini wengi hawakufa kwa mlipuko. Walikufa mmoja mmoja, dari ikiporomoka Jumanne mchana, na dunia haikusikia. Hao utawapata magazetini.

Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoko Aberystwyth, imeweka mtandaoni bure zaidi ya kurasa milioni moja za magazeti ya kale hadi 1919. Usiandike "John Jones" humo. Andika jina la mtaa na jina la mgodi, kisha uweke mipaka ya tarehe, wiki mbili baada ya kifo. Kumbukumbu za wachunguzi wa vifo zilizosalia ni chache, lakini waandishi wa habari walikuwa wakikaa kwenye mashauri hayo na kuandika: nani alikuwa naye, alisema nini mara ya mwisho, ameacha mjane na watoto wangapi. Tafuta na kwa Kiwelisi. Gazeti la Tarian y Gweithiwr, yaani Ngao ya Mfanyakazi, lilichapwa Aberdare kwa ajili ya watu hawahawa, na humo hata mchimbaji wa kawaida angeweza kuandikiwa shairi la maombolezo. Kwa sisi wa pwani, tuliolelewa na tenzi, kukuta beti za kumlilia mtu asiyekuwa na cheo ni kama kubisha hodi ukaitikiwa kwa lugha ya nyumbani.

Kwa wapasua mawe wa kaskazini kuna jambo moja la kukumbuka. Kuanzia Novemba 1900 hadi Novemba 1903 wafanyakazi wa machimbo ya Penrhyn, Bethesda, walikuwa kwenye mgomo. Waliogoma waliweka kadi madirishani zilizosema hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Wengi walikwenda kusini kutafuta riziki migodini, na sensa ilipigwa mwishoni mwa Machi 1901. Kwa hiyo usishangae baba akikosekana Bethesda na kuonekana amepanga chumba kusini, mke akiandikwa mkuu wa kaya. Hawakuachana.

Nyaraka za makampuni na za chama cha wachimbaji, kilichoundwa 1898, zimetawanyika. Hifadhi ya Glamorgan mjini Cardiff ina barua za kampuni ya chuma ya Dowlais na madaftari mengi ya migodi. Chuo Kikuu cha Swansea kina mkusanyiko wa mabonde ya makaa na maktaba ya wachimbaji. Waandikie barua pepe ukitaja mgodi, miaka na mtaa. Wakiona umefanya kazi yako, wanakusaidia kwa moyo.

Hatua ya tano: kanisa lake lilikuwa lipi?

Wageni wengi hukwama hapa, wakidhani kila Mwelisi alibatizwa kwenye kanisa la parokia, la Kianglikana. Karne ya 19 wafanyakazi wengi wa Wales walikuwa wamejitenga nalo. Kulikuwa na Annibynwyr, yaani Wakongregeshenali, Bedyddwyr, ambao ni Wabatisti, Wamethodisti wa Kikalvini na Wawesley, na kila mtaa ulikuwa na kanisa lake, wakati mwingine matatu yakitazamana.

Madaftari ya ubatizo ya makanisa hayo ya kabla ya 1837 yalikusanywa na serikali, na leo yamo kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, katika fungu liitwalo RG 4, yakionekana pia mtandaoni. Ya baadaye mengine yako Aberystwyth, mengine kwenye hifadhi za wilaya, mengine yalipotea kanisa lilipofungwa. Wabatisti hawabatizi watoto wachanga, hivyo usipoteze muda kumtafuta mtoto wao kwenye daftari la ubatizo. Ndoa nazo zina kanuni yake: kuanzia 1754 hadi 1837 aliyetaka ndoa ya halali alilazimika kufungia kwenye kanisa la parokia, isipokuwa Wakweka na Wayahudi. Kwa hiyo mzee aliyebatizwa kwa Wakongregeshenali utaikuta ndoa yake kwa Waanglikana. Hakubadilisha dini, ilikuwa sheria.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni taarifa ya mwaka ya kanisa. Makanisa mengi yalichapa kijitabu kila mwaka chenye jina la kila mwanachama, mara nyingi kwa nyumba au mtaa, na kiasi alichotoa. Kijitabu kama hicho ndicho kilichonitenganishia wale Thomas Jones wawili. Wa kwetu alikuwa kwenye orodha ya Wabatisti, namba ya nyumba ikiwa ileile ya sensa, akitoa shilingi zake mwaka hata mwaka, hadi mwaka mmoja jina lake likawa halipo na badala yake pakawa na la mjane.

Makaburini, jifunze maneno machache na utasoma mawe mengi. Er cof am ni kwa kumbukumbu ya. Bu farw, alifariki. Ganwyd, alizaliwa. Mlwydd oed inafuata umri. Hefyd ni pia, na ukiiona kaa tayari, kuna mwingine anakuja. Ei wraig ni mkewe, eu plant ni watoto wao, mab ni mwana na merch ni binti. Miezi inadanganya kidogo: Mehefin ni Juni, Gorffennaf ni Julai, Hydref ni Oktoba, Tachwedd Novemba na Rhagfyr Desemba. Vyama vya historia ya familia vya kila wilaya, kama vya Glamorgan, Gwynedd na Dyfed, vimenakili mawe mengi na kuuza faharasa zake.

Hatua ya sita: alipoanguka

Kuna kipindi familia ya kibarua inatoweka kwenye kila daftari la heshima. Baba kafa, mama mgonjwa, kodi haijalipwa. Hapo tafuta upande wa msaada wa maskini. Kabla ya 1834 kila parokia ililea maskini wake, na chini ya sheria ya 1662 ilitaka kuthibitisha kwamba ni wake kweli. Mtu alihojiwa mbele ya mahakimu: umezaliwa wapi, umefanya kazi kwa nani, kwa muda gani. Mahojiano hayo, pale yaliposalia, ni wasifu mzima wa mtu asiyejua kuandika. Baba wa mtoto wa nje ya ndoa alitakiwa kutia saini kwamba atalipa matunzo, na karatasi hizo nazo zipo, kwenye masanduku ya parokia na ya mahakama za wilaya.

Baada ya 1834 zikaja nyumba za maskini. Stanley alikuwa ndani ya ile ya St Asaph sensa ya 1851 ilipopigwa, miongoni mwa watoto waliohesabiwa humo. Madaftari ya kuingia na kutoka hayakusalia kila mahali, lakini kumbukumbu za vikao vya bodi mara nyingi zipo, na sensa haikuruka nyumba hizo. Mtoto wako wa mwaka 1861 akikosekana kwa wazazi wake, mtafute humo kabla hujamtafuta Marekani.

Shule ni njia nyingine, tena yenye furaha kidogo. Madaftari ya kuandikisha wanafunzi, mengi kuanzia miaka ya 1870, yanataja tarehe ya kuzaliwa, mzazi, anwani na shule aliyotoka. Familia iliyohama kila mwaka kufuata kazi unaweza kuifuata shule hadi shule.

Hatua ya saba: ukivuka 1800, ubini unayeyuka

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida. Wawelisi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo. Walikuwa na ap, au ab mbele ya irabu, kwa mwanamume, na ferch kwa mwanamke: Rhys ap Hywel, Gwenllian ferch Dafydd. Ni bin na binti kabisa. Ap Rhys likaja kugandamana likawa Price, ap Hywel likawa Powell, ab Owen likawa Bowen, ab Evan likawa Bevan. Vijijini kwa maskini mtindo uliendelea bila neno ap hadi mwanzoni mwa karne ya 19: William mwana wa David anaitwa William David, na mwanawe Thomas anaitwa Thomas William. Mwenye mazoea ya Kizungu anatafuta ubini mmoja nyuma hadi nyuma na kugonga ukuta. Wewe badilisha jina kila kizazi kama unavyofanya ukihesabu nasaba ya kwenu. Na wanawake wengi wa enzi hizo walibaki na jina la baba yao baada ya kuolewa, kama mama zetu. Usidhani mke na mume wenye majina tofauti hawakuoana.

Madaftari ya parokia yaliyosalia Wales kabla ya 1700 ni machache. Kuanzia 1813 fomu zilichapwa na zinataja kazi ya baba na makazi. Kabla ya hapo utapata mstari mmoja, na kabla ya 1733 mara nyingi kwa Kilatini. Kumbuka pia kwamba kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1740 ya karani ni 1741 kwa hesabu yetu. Palipo na pengo, ulizia nakala zilizokuwa zikipelekwa kwa askofu, ambazo ziko Aberystwyth.

Wosia usiudharau kwa kudhani ni wa matajiri. Maktaba ya Taifa ya Wales imeweka bure zaidi ya wosia 190,000 wa kabla ya 1858, na humo wamo wafumaji, mabaharia na wakulima wadogo wanaogawa ng'ombe mmoja, kitanda na Biblia, wakitaja watoto na wakwe kwa majina. Maktaba hiyohiyo ina ramani za fungu la kumi, yaani za malipo ya ardhi kwa kanisa, za miaka ya 1838 hadi 1850 zinazoonyesha kila shamba, mwenye nalo na anayelilima. Ukishalijua jina la shamba kutoka kwenye jiwe la kaburi, utaliona pale limechorwa, kijiji na kijito chake.

Wale watatu

Nilirudi kwenye fomu ya 1911. Watoto watatu waliozaliwa na kufa kati ya sensa mbili hawaonekani kwenye sensa yoyote. Nilichukua zile tarehe tisa za Biblia, nikaziondoa sita nilizozijua, nikatafuta faharasa ya GRO kwa ubini wa baba, ubini wa mama na robo ya mwaka ya kila tarehe iliyobaki. Wawili walitokea siku hiyohiyo. Wa tatu hakuwepo kwenye vizazi, akawa kwenye vifo tu, umri sifuri. Kisha nikaandikia ofisi ya makaburi ya halmashauri, ambayo daftari lake linataja kila aliyezikwa katika kila kaburi, hata pasipo na jiwe. Wakanijibu kwa namba ya kaburi la baba yao, na chini yake majina matatu: Margaret, David, na mwingine aliyeandikwa mtoto wa kiume tu.

Ule ukurasa wa Biblia sasa uko ndani ya mfuko wa plastiki, na nyuma ya nakala yake nimeandika kwa penseli majina manane na nafasi moja wazi.